Intaneti ndani ya meli za kitalii: satelaiti, bei kali na haki ya mfanyakazi kuongea na familia

Meli kubwa za kitalii, zile zinazozunguka bahari ya Karibi na Mediterania zikiwa na maelfu ya watu, zimekuwa kama miji inayoelea. Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwezi wa 1 mwaka 2024, inaweza kubeba abiria hadi 7,600 na wafanyakazi karibu 2,350. Karibu kila mmoja wao ana telefone mkononi, na anataka kutuma picha, kusoma ujumbe na kuita nyumbani. Lakini katikati ya bahari hakuna mnara wa telefone. Hakuna pia waya unaofika.

Basi intaneti inafikaje mule ndani? Nani anailipa? Na kwa nini, tangu tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka 2024, sheria ya kimataifa ya kazi za baharini inasema kwamba mwenye meli anapaswa kuwapatia mabaharia wake intaneti kadiri inavyowezekana?

Mambo haya yanaonekana kuwa ya mbali na Bukavu, Goma, Uvira ao Kalemie. Lakini wengi wetu tuna ndugu Ulaya na Marekani ambao wanapanda meli hizo wakati wa likizo. Kuna pia vijana ambao wanapokea kwenye WhatsApp matangazo ya kazi za meli. Na mtandao mmoja wa satelaiti ambao ulibadilisha intaneti ya baharini, wazo lake lilizaliwa hapa jirani, Rwanda.

Kutoka telegramu mpaka mega

Hamu ya abiria kutuma habari nyumbani ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1912, ndani ya Titanic, kulikuwa chumba cha redio na vijana wawili, Jack Phillips na Harold Bride. Walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya Marconi, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kutuma telegramu za kulipishwa za abiria: salamu, biashara, habari za kufika.

Usiku wa tarehe 14 mwezi wa 4, meli nyingine iliyokuwa karibu, Californian, ilijaribu kuwaambia kwamba imezungukwa na barafu. Phillips alimjibu mwenzake anyamaze, kwa sababu alikuwa anatuma telegramu za abiria kupitia kituo cha Cape Race huko Kanada. Muda mfupi baadaye fundi wa redio wa Californian alizima mashine, akaenda kulala. Titanic ilipogonga barafu na kuanza kuita msaada, yeye hakusikia. Watu karibu 1,500 walikufa. Mwaka 1914 mataifa yalikutana London na kuandika mkataba wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa jina la SOLAS, na kusikiliza redio ya meli usiku na mchana kukawa sehemu ya masharti yake. Mkataba huo, uliorekebishwa mara nyingi, ndio unaongoza meli za abiria mpaka leo.

Baada ya redio ilikuja satelaiti. Shirika la Inmarsat lilianzishwa mwaka 1979 ili meli ziweze kupiga telefone na kuomba msaada kutoka mahali popote baharini. Kupiga telefone hiyo kulikuwa na bei kubwa mno, na abiria wa kawaida alikuwa anaitumia kwa shida ya haraka tu.

Mwaka 1999, kampuni ya Norwegian Cruise Line ilifungua ndani ya meli yake Norwegian Sky chumba cha intaneti, na ikajivunia kuwa ya kwanza kufanya hivyo baharini. Kilikuwa kama saiberi za kwanza za mitaa yetu: kompyuta zimepangwa juu ya meza, watu wanangojea zamu, na dakika zinahesabiwa. Mtindo huo ulienea haraka. Kwa miaka mingi bei ilikuwa karibu senti 75 za dola kwa dakika kwa mtu asiyenunua kifurushi. Wazoefu waliandika barua yao kwanza bila kuunganishwa, kisha wakafungua intaneti dakika mbili tu, wakatuma, wakafunga.

Kwa nini ilikuwa pole pole

Wengi walifikiri kampuni za meli zinapunguza mwendo kwa makusudi. Lakini umbali pia ulikuwa na sehemu yake. Satelaiti za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa kimo hicho zinazunguka pamoja na dunia, na mtu aliye chini anaziona kama zimesimama mahali pamoja. Hiyo inarahisisha kazi, lakini ukibonyeza kitu, ombi lako linapanda mpaka kule, linashuka kwenye kituo cha nchi kavu, kisha jibu linafanya safari ileile kurudi. Hata kwa mwendo wa mwangaza, kwenda na kurudi kunakula karibu nusu sekunde. Kwa barua si neno. Kwa kuongea kwa video, watu wanaanza kukatana maneno.

Ongeza hapo kwamba meli inayumba. Ile mipira mikubwa myeupe inayoonekana juu ya meli si mapambo. Ndani ya kila mmoja kuna antena ambayo mashine inaigeuza bila kupumzika, ili ibaki inaangalia satelaiti hata mawimbi yakiwa makali. Halafu upana wa njia ni mmoja kwa watu wote. Saa za jioni, abiria elfu tatu wanapotaka kutuma picha kwa wakati mmoja, ni kama gari zote za Goma kutaka kupita njia moja.

Wazo lililotoka Rwanda

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalitoka kwa mtu ambaye hakuwa anafikiria watalii. Greg Wyler, mfanyabiashara wa Marekani, alikuja Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kampuni ya Terracom, ili kutandaza nyaya za intaneti na kuunganisha masomo. Aliona kwamba kutandaza waya ndani ya nchi kunawezekana, lakini kutoka Rwanda kwenda dunia nzima ilipaswa kupita kwenye satelaiti za mbali, za bei kali na za pole pole. Wakati ule waya wa chini ya bahari ulikuwa haujafika pwani ya Afrika ya Mashariki. SEACOM ilianza kazi mwaka 2009 tu.

Mwaka 2007 Wyler alianzisha O3b, jina linalomaanisha watu bilioni tatu wengine, ni kusema wale ambao hawakuwa na intaneti nzuri. Satelaiti zake ziliwekwa karibu kilomita 8,000 juu ya ikweta, zaidi ya mara nne karibu kuliko zile za zamani. Nne za kwanza zilirushwa mwezi wa 6 mwaka 2013 kutoka Kourou, huko Guyana ya Ufaransa.

Basi ikawa jambo la kufikirisha: mtandao uliotengenezwa kwa ajili ya maskini ulipata kati ya wateja wake wa kwanza meli ya kitalii, Oasis of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean. Sababu ni rahisi. Satelaiti zinazozunguka juu ya ikweta zinapita pia karibu na Karibi, na abiria wa meli wana pesa za kulipa. Kampuni ya SES ya Luxembourg ilinunua O3b nzima mwaka 2016.

Mageuzi ya pili yalikuja na Starlink ya SpaceX. Satelaiti zake ziko karibu kilomita 550 tu juu yetu, na ni maelfu. Moja ikipita, nyingine inapokea kazi. Mwezi wa 8 mwaka 2022 kundi la Royal Caribbean lilitangaza kwamba litaweka Starlink ndani ya meli zake zote. Kabla ya mwaka kwisha Carnival nayo ikafuata. Leo kuongea kwa video kutoka katikati ya bahari imekuwa jambo la kila siku.

Hapa Congo, Starlink ilipita njia ndefu kidogo. Mwezi wa 3 mwaka 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilionya kwamba kuitumia bila kibali ni kinyume cha sheria. Mwezi wa 5 mwaka 2025, mamlaka ileile ilitangaza kwamba kampuni imepata kibali.

Bei na mitego yake

Intaneti imekuwa nzuri, lakini haikuwa ya bure. Katika kampuni nyingi abiria analipa kwa siku na kwa kila telefone, na mara nyingi inapita dola 20 kwa siku. Familia ya watu wanne, safari ya siku saba, inaweza kulipa mamia ya dola juu ya bei ya tiketi. Vifurushi vya bei ndogo vinaruhusu tu mitandao ya kijamii, ao vinazuia video. Kununua mapema, kabla ya kupanda, kwa kawaida kunapunguza bei.

Lakini mtego mkubwa si ule wa Wi-Fi. Meli nyingi zina mnara wao mdogo wa telefone, unaowashwa meli ikiwa mbali na pwani. Telefone inaukamata yenyewe, bila kuuliza mwenyewe. Kutoka hapo kila dakika na kila mega inahesabiwa kwa bei ya satelaiti, ambayo haimo katika vifurushi vya kawaida. Kuna watu walirudi nyumbani wakakuta deni la mamia, hata maelfu ya dola, kwa sababu programu zilikuwa zinajisasisha usiku wakati wao wamelala.

Dawa yake ni nyepesi. Mbele meli haijaondoka, weka telefone katika hali ya ndege, halafu washa Wi-Fi peke yake. Zima kusasisha programu na kutuma picha kwenye hifadhi ya mtandao. Ramani, muziki na vitabu, pakua ungali nyumbani. Programu ya meli yenyewe, inayoonyesha saa za chakula na michezo, kwa kawaida inafanya kazi bila malipo.

Kuna pia suala la siri. Kompyuta za pamoja na Wi-Fi ya watu maelfu si mahali pa kufungulia akaunti ya benki bila uangalifu. Kampuni za meli zenyewe zimeshambuliwa. Mwaka 2022, Carnival ilikubali kulipa dola milioni 5 kwa wasimamizi wa sekta ya fedha wa jimbo la New York, baada ya mashambulizi ya mtandao yaliyogusa habari za wateja na wafanyakazi wake. Tangu mwaka 2021, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, IMO, linataka hatari za mtandao zihesabiwe katika mpango wa usalama wa meli, sawa na moto na maji.

Siku ambazo telefone ilikuwa dirisha

Thamani ya intaneti ndani ya meli ilionekana wazi mwanzoni mwa mwaka 2020. Meli Diamond Princess ilifungiwa kwenye bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, kwa sababu ya korona. Kuanzia tarehe 5 mwezi wa 2, abiria waliamriwa kubaki ndani ya kabini zao, nyingine zikiwa hazina hata dirisha. Mwishoni watu 712 walipatikana na ugonjwa.

Kampuni ilifungua intaneti bila malipo. Serikali ya Japani iliingiza telefone karibu 2,000 zilizowekwa tayari programu ya LINE, ili abiria waongee na waganga, waombe dawa na kupata msaada wa kutulizwa moyo. Habari ilitoka pia nje kwa njia hiyo. Tarehe 18 ya mwezi ule, profesa Kentaro Iwata wa chuo kikuu cha Kobe, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, aliingia ndani ya meli, akatoka na kuweka video kwenye YouTube akieleza kwamba sehemu safi na sehemu zenye virusi hazikutenganishwa. Video ilitazamwa na watu zaidi ya milioni, na serikali ililazimika kujibu. Siku mbili baadaye yeye mwenyewe aliiondoa, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika.

Abiria walikuwa wamefungiwa, lakini wafanyakazi 1,045 waliendelea kupika na kugawa chakula, huku wakilala wawili wawili ao zaidi katika vyumba vidogo vya chini. Baadhi yao walitumia telefone zao kuomba nchi zao ziwatoe. Miezi iliyofuata, maelfu ya wafanyakazi wa meli za kitalii dunia nzima walikwama baharini, mipaka imefungwa, bila kujua siku ya kurudi. Kwao intaneti ilikuwa njia pekee ya kuona watoto wao.

Haki iliyoandikwa

Mfanyakazi wa meli ya kitalii, mara nyingi kutoka Ufilipino, Indonesia ao India, anafunga mkataba wa miezi sita mpaka tisa. Anafanya kazi kila siku, na sheria inaruhusu masaa mpaka 14 ndani ya siku moja. Kwa miaka mingi alinunua dakika za intaneti kutoka mshahara wake mwenyewe, ao alingoja meli ifike bandarini, akimbie kwenye kahawa yenye Wi-Fi kabla ya saa ya kurudi. Ndiyo maana karibu na bandari nyingi za Karibi unaona kundi la vijana wa sare wameinamia telefone.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, unaoitwa MLC, ulianza kutumika mwaka 2013. Mwaka 2022, serikali, wenye meli na vyama vya mabaharia walikutana Geneva kuurekebisha. Vyama viliomba intaneti iwe haki, tena ya bure. Maneno yaliyokubaliwa mwishoni yanasema mwenye meli awapatie mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo, yawe ya kiasi. Marekebisho hayo ndiyo yalianza kutumika tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka 2024.

Maneno "kadiri inavyowezekana" na "ya kiasi" yanaacha mlango wazi. Mfanyakazi mmoja anaweza kupata intaneti ya bure, mwingine akalipa, kufuatana na kampuni. Hata hivyo, sasa mfanyakazi anaweza kulalamika akiwa na andiko mkononi, na wakaguzi wa bandari wana jambo la kuuliza.

Kompyuta inayohesabu watu

Kuna kazi nyingine ya kompyuta ndani ya meli hizo ambayo abiria haioni sana. Kila mtu anapewa kadi, ao kidude kidogo cha kuvaa kama kile ambacho kampuni ya Princess ilianza kutumia mwaka 2017. Kadi inafungua mlango wa kabini, inalipa kinywaji, na inasomwa na mashine kila mara mtu anaposhuka ao kupanda. Kapiteni anajua, kabla ya kuondoka, ni watu wangapi wako ndani na ni nani amebaki mjini.

Hesabu hiyo ina historia ya machozi. Mwaka 2012, Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu 4,229, watu 32 walikufa. Abiria waliopanda siku ileile walikuwa hawajafanya bado zoezi la usalama. Tangu mwaka 2015, SOLAS inataka zoezi hilo lifanywe kabla ya kuondoka ao mara moja meli inapoondoka. Leo kampuni nyingi zinaonyesha mafundisho kwenye telefone, kisha abiria anapita kwenye kituo chake cha kukusanyikia na mashine inaandika kwamba amefika.

Sisi wa Ziwa Kivu tunajua maana ya kukosa hesabu. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiangalia. Siku zilizofuata, idadi zilizotolewa na viongozi wa Kivu ya Kusini na zile za Goma hazikulingana. Kuna familia ambazo hazikupata hata pa kuuliza kama mtu wao alikuwa ndani. Kwa kuandika majina haihitaji satelaiti. Daftari, kalamu na mtu wa kuhesabu mbele ya mlango vinatosha kuanzia, na telefone moja ya kutuma orodha nchi kavu kabla ya kung'oa nanga.

Kwa vijana wanaotafuta kazi za meli

Matangazo yanayozunguka kwenye WhatsApp yanaahidi kazi ya meli, mshahara wa dola na viza, lakini kwanza yanaomba "pesa za dosie". Mkataba wa MLC uko wazi juu ya hilo: ofisi inayotafutia mabaharia kazi hairuhusiwi kumlipisha mtafuta kazi pesa za kumwajiri. Anachoweza kulipa mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Kenya ilikubali mkataba huo mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, na kuna vijana wa Mombasa wanaofanya kazi ndani ya meli za kitalii kwa njia halali.

Kampuni kubwa zenyewe zinaonya kwamba matapeli wanatumia majina yao. Mbele ya kutuma hata franka moja kwa Airtel Money ao M-Pesa, tafuta tovuti ya kampuni, angalia kama ofisi hiyo imeorodheshwa, na uulize mkataba wa kazi kwa maandishi. Ndani ya mkataba huo, soma mshahara, masaa ya kupumzika na tiketi ya kurudi. Kisha uliza swali moja ambalo zamani hakuna aliyeliuliza: intaneti ya wafanyakazi ni bure, ao ni bei gani?